Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwona daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile

WATU wengi wakisikia upasuaji wa kurekebisha maumbile hufikiria pua, matiti au makalio ya wasanii. Hata hivyo, tiba hii ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni Amref, wote walikuwa mabingwa wa fani hiyo. Wanaoihitaji ni pamoja na walioungua moto na watoto waliozaliwa na mdomo sungura.

Iwe unafuata tiba au urembo, siku ya kwanza ya kuonana na daktari si ya kupangiwa tarehe ya upasuaji. Ni siku ya kujua kama upasuaji huo unakufaa. Ili ijulikane, yapo mambo ya kuandaa.

Kwanza, hakiki sifa za daktari. Kwa Tanzania Bara usajili husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa Kenya, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Usiridhike na neno "daktari" pekee. Uliza kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji huo.

Pili, andika historia ya afya yako: kisukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu, mzio na upasuaji uliopita. Beba dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba. Aspirini na ibuprofeni, kwa mfano, zinaweza kuongeza utokaji wa damu. Lakini usiache dawa uliyoandikiwa kabla daktari hajakuagiza.

Tatu, usifiche kuwa unavuta sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo kidonda huchelewa kupona na ngozi iliyoshonwa inaweza kufa. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kuacha angalau wiki nne kabla ya upasuaji.

Nne, mwonyeshe daktari makovu yako ya zamani, hata la sikio lililotogwa. Makovu yanayofura, yaani keloidi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine, kama sindano za steroidi, mara nyingi hurudi, na pengine ikawa kubwa kuliko mwanzo.

Tano, andaa maswali. Nani atakayetoa dawa ya usingizi? Hali ikibadilika ghafla, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Gharama ni kiasi gani kwa jumla, na marekebisho yakihitajika atalipa nani? Anayetaka kuongezewa makalio kwa mafuta ya mwili wake aulize pia mafuta yatawekwa wapi, kwani yakiingia katika mishipa mikubwa ya damu husafiri hadi kwenye mapafu na yanaweza kuua.

Mwisho, fuatana na ndugu au rafiki unayemwamini, na usilipe kianzio siku hiyo hiyo. Daktari anayekuambia "subiri" au "haikufai" hajakunyima huduma. Huenda ndiye aliyekuokoa. Anayekuharakisha kulipa kabla hujapata majibu, muage kwa heshima, ukatafute mwingine.