Blogu Binafsi na Jina la Mtu Mtandaoni: Haki, Wajibu na Tahadhari

Blogu ni tovuti ambayo mtu mmoja au kikundi kidogo cha watu huchapisha maandishi na picha kwa mfululizo, kila andiko likiwa na tarehe yake na lile jipya likikaa juu. Jina hilo limetokana na neno lililobuniwa na Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997 na kufupishwa miaka 2 baadaye. Mwaka 1999 ulizinduliwa pia mfumo wa Blogger, uliomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kuwa na ukurasa wake bila malipo.

Miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili ni Ndesanjo Macha, aliyeanzisha blogu ya Jikomboe. Mwaka 2005, mpigapicha za habari Muhidin Issa Michuzi alifungua blogu yake akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Macha. Blogu hiyo ilikuja kujulikana kama Blogu ya Jamii, na Watanzania wengi waishio ughaibuni waliizoea kama mahali pa kupata picha za nyumbani, taarifa za harusi na za misiba.

Tangu wakati huo watu wengi wamehamia kwenye mitandao ya kijamii, lakini blogu imebaki na sifa moja inayoitofautisha: maandishi yake hutafutika kwa urahisi. Andiko la mwaka 2009 linaweza kujitokeza leo kwa mtu aliyeandika jina la mwenye blogu kwenye mtambo wa kutafuta, likasomwa kana kwamba limeandikwa jana. Kijana aliyeandika kwa hasira akiwa mwanafunzi anaweza kusomwa na jopo la usaili akiwa mtu mzima mwenye familia, naye asipate nafasi ya kueleza mazingira ya wakati ule. Huenda hata asijue kuwa amesomwa.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Heather Armstrong wa Marekani. Mwaka 2002 alifukuzwa kazi baada ya kuandika kwa kejeli kuhusu mahali pake pa kazi katika blogu yake iliyoitwa Dooce. Jina la blogu hiyo likageuka kuwa neno la mtaani katika Kiingereza, likimaanisha kupoteza kazi kwa sababu ya yale mtu aliyoandika mtandaoni. Ni kweli kwamba baadaye blogu hiyohiyo ilimpatia riziki na umaarufu mkubwa, lakini si kila anayefukuzwa hupata bahati hiyo. Kwa mtumishi wa umma tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa wajibu wa kutunza siri za ofisi haukomi saa za kazi zinapokwisha.

Kwa upande wa sheria, mwenye blogu nchini Tanzania anapaswa kuzifahamu sheria tatu kwa uchache. Ya kwanza ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo chini yake zimetungwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Kanuni za mwaka 2018 ziliambatana na ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, kiwango ambacho kwa mtu anayeandika kwa kujifurahisha kilikuwa kizito, na baadhi ya blogu zilifungwa. Kanuni hizo zilifutwa na zile za mwaka 2020, ambazo nazo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kwa kuwa masharti yamekuwa yakibadilika, anayekusudia kuchapisha habari na matukio athibitishe kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iwapo huduma yake inahitaji leseni. Asitegemee maelezo ya rafiki aliyeanza zamani.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinamhusu mtu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia au kutusi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinamlinda mwananchi dhidi ya mtu anayejifanya kuwa yeye kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Aliyefunguliwa ukurasa bandia kwa jina lake apige picha ya ukurasa huo ikionesha anwani yake na tarehe kabla ya jambo lolote, kisha ndipo atoe taarifa polisi na kwa wenye mtandao. Wengi huanza kwa kulalamika hadharani, mhalifu akapata muda wa kufuta ushahidi.

Ya tatu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hii inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na ya kuomba zirekebishwe au zifutwe pale zisipokuwa sahihi. Mwenye blogu aitazame kwa pande zote mbili: inamlinda yeye, na inawalinda pia watu anaowaandika. Picha ya mgonjwa wodini au ya mtoto wa jirani haiwi mali ya mpigapicha kwa sababu tu simu ni yake.

Kufuta nako kuna mipaka. Ukurasa ulioondolewa unaweza kuwa umekwisha kuhifadhiwa na Internet Archive, au kunakiliwa na blogu nyingine. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la Mhispania Mario Costeja González dhidi ya Google, kwamba mtu anaweza kuomba viungo vya taarifa zilizopitwa na wakati viondolewe katika matokeo ya utafutaji wa jina lake. Alishinda, na kwa kushinda huko deni lake la zamani likajulikana dunia nzima. Mara nyingi huwa afadhali kuliacha andiko la zamani mahali pake na kuongeza juu yake sahihisho lenye tarehe, isipokuwa pale linapomdhuru mtu mwingine.

Jambo la mwisho husahaulika kwa sababu ni dogo. Blogu nyingi zilifunguliwa kwa barua pepe ambazo wenyewe hawazitumii tena. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuwa akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Aliyepoteza nywila hawezi kusahihisha wala kuondoa alichokiandika, hata akikijutia. Mwenye blogu ya zamani ajaribu kuingia sasa, abadilishe namba ya simu iliyosajiliwa humo ikiwa haitumiki, na ahifadhi nakala ya maandishi yake.