Choo cha kutundikwa ukutani kinavuja: kabla ya kuvunja karo, tambueni maji yanatoka wapi

Choo cha kutundikwa ukutani kinapendeza, na kupangusa chini yake ni rahisi. Lakini tangi, tiyo na chuma kinachokibeba vyote viko nyuma ya karo. Siku kinavuja, fundi anakuja na nyundo, ukuta unavunjwa, kisha mpangaji na mwenye nyumba wanaanza kubishana nani atalipa. Na mara nyingi haikuwa lazima kuvunja.

Kwa Nguba, katika komini ya Ibanda, jambo hili haliishii ndani ya nyumba. Mtaa unateremka hadi ziwa Kivu. Maji machafu yanafuata mteremko, yanapita kwa jirani wa chini, yanaelekea ziwani, na kuna familia zinazochota humo. Kipindupindu nacho tunakijua katika Kivu ya Kusini.

Jaribio la ndoo

Pangusheni sakafu ikauke vizuri, kisha mumwage ndoo ya maji moja kwa moja ndani ya bakuli, bila kubonyeza.

Maji yakitokea chini ya bakuli, tatizo ni tiyo kubwa inayopeleka uchafu, ao bakuli limepasuka. Hayo ni maji machafu: musikitumie choo hicho hadi kitengenezwe, na munawe mikono kwa sabuni.

Ndoo ikipita bila shida, lakini kila mukibonyeza maji yanatokea, tazameni mpira wa ile tiyo ndogo inayoleta maji kutoka kwenye tangi.

Ukuta ukilowa hata kama hakuna aliyetumia choo, ni maji yanayoingia kwenye tangi. Hapa ukosefu wa maji ya Regideso unasaidia: yakikatika na ukuta ukaanza kukauka, jibu mumelipata. Wenye tanki juu ya nyumba wafunge robine yake kwanza.

Na kama maji yanatiririka ndani ya bakuli bila kukoma, ukuta hauna kosa. Maji yanaporudi baada ya kukatika huleta mchanga na kutu, vinakwama kwenye boya ao kwenye mpira wa chini ya tangi.

Kutengeneza

Ile plake ya kubonyeza ndiyo mlango. Itoeni polepole, kwa kawaida nyuma yake kuna robine ndogo ya kufunga maji. Kwa njia hiyo hiyo boya na mpira vinatolewa, vinaoshwa ao vinabadilishwa, bila kuvunja karo hata moja.

Mpira ulio nyuma ya bakuli unahitaji watu wawili, maana bakuli ni zito. Fungeni maji, toeni yaliyobaki ndani kwa kitambaa, legezeni nati mbili, mulivute bakuli mbele. Pelekeni mpira wa zamani dukani, mupate wa kipimo kile kile. Wakati wa kuuingiza, paka sabuni ya maji, si mafuta ya gari: mafuta yanaharibu mpira. Kazeni nati zamu kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu ukikaza kwa nguvu kauri inapasuka. Kama bakuli linatikisika, mtu asikae juu yake.

Onyo juu ya silikoni

Fundi akitaka kuzungusha silikoni ili “kuziba”, mukatae. Silikoni haizuii maji kuvuja, inayaficha tu, na yanaendelea kuoza ukuta. Hata baada ya kutengeneza, acheni sehemu ya chini ya bakuli wazi, ili siku maji yakirudi kuvuja muyaone mapema.

Tone si dogo

Wekeni glasi ya santilita 20 chini ya tone. Ikijaa kwa saa moja, munapoteza karibu litre 5 kwa siku: bidoni ya litre 20 kila siku nne. Waulizeni wanaobeba bidoni hiyo kupanda mlima.