Ambulensi Ipo, Amri Haipo: Uokoaji Katika Jiji la Nairobi

Mjadala kuhusu huduma za dharura Nairobi hugeuka upesi kuwa hesabu ya magari: kaunti ina ambulensi ngapi, zimamoto wana magari mangapi, mangapi yamelala gereji. Makala hii inashikilia kwamba pengo kubwa zaidi liko kwenye amri. Hakuna dawati moja lenye nguvu ya kisheria ya kupokea simu, kutuma gari lililo karibu na kuilazimisha hospitali impokee mgonjwa.

Katiba ya 2010 iliweka msingi wa dawati hilo. Jedwali la Nne liliipa serikali ya kaunti huduma za ambulensi pamoja na uzimaji moto na udhibiti wa majanga. Kifungu cha 43(2) kikakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Utekelezaji ukazitawanya kazi hizo. Kikosi cha zimamoto, chenye kituo kikuu Barabara ya Tom Mboya, kina safu yake ya amri. Ambulensi za kaunti ziko chini ya idara ya afya. St John Ambulance, iliyopo nchini tangu 1928, Msalaba Mwekundu wenye namba 1199, na kampuni za binafsi, kila mmoja ana simu yake na madereva wake. Namba 999 ilianzishwa London mwaka 1937 ili mpokeaji mmoja agawe wito kwa polisi, zimamoto na ambulensi. Kwetu hujibiwa na polisi. Mama ambaye nyumba yake inaungua Kawangware inambidi ajue mwenyewe ampigie nani, na majirani huwa wameshafika na ndoo kabla hajapata jibu.

Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari Kangemi alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hospitali hadi hospitali, hadi nje ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hakupona. Gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, mhudumu alikuwa pembeni yake akiangalia oksijeni ya mtungi ambao haukutengenezwa kumtunza mtu usiku kucha. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema: mpelekeni pale, kitanda kipo. Sheria ya Afya ya 2017 ilikuja kuweka adhabu kwa kituo kinachomkataa mgonjwa wa dharura, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini adhabu hufuata kifo. Haimwonyeshi dereva aliyekwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way pa kuelekea.

Wapo wanaosema ushindani wa kampuni za binafsi utaliziba pengo hili. Kwa mwenye bima Lavington au Westlands, huenda. Kampuni hutuma gari palipo na mlipaji, na ingawa kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa kuvuka barabara, ng'ambo ile mlipaji hayupo. Wengine hutegemea moyo wa kujitolea, ambao tuliuona katika shambulio la kigaidi la Westgate Septemba 2013, raia wakiwatoa majeruhi huku ukumbi wa Oshwal ukigeuzwa kituo cha huduma. Moyo ule ni hazina. Hata hivyo jiji haliwezi kupanga zamu kwa moyo, hasa pale ambapo wahudumu wa ambulensi wamefanya kazi miaka mingi bila sheria inayoitambua taaluma yao kama inavyowatambua wauguzi na maafisa wa kliniki.

Nyenzo ya kurekebisha haya ni fedha. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mfuko huo ulipe safari zilizotumwa na chumba kimoja cha kaunti tu, chumba ambamo afisa wa zimamoto na mratibu wa ambulensi wanakaa meza moja, wakiwa na orodha ya vitanda vilivyo wazi Mbagathi, Kenyatta na hospitali za binafsi. Kampuni itakayokataa kuunganishwa isilipwe. Majaribio yaanzie Kangemi, Kawangware na Waithaka, ambako mkazi hana bima ya kumwitia gari jingine.