Walimu wa Bonde Wakati wa Vita Kuu

Vita Kuu ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Wakristo wa misheni ya UMCA katika nchi ya Bonde walikuwa wakitawaliwa na Wadachi huku wakifundishwa na Waingereza. Mapadre wao wa Kizungu walikamatwa wakafungwa Tabora. Kisha zamu ikawafikia mapadre na walimu Waafrika: walishukiwa kuwa wapelelezi, wakatiwa minyororo, wakapigwa, na baadhi yao wakafia kifungoni. Waliosalia walifunguliwa Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916.

Hata hivyo imani haikuzimika. Biblia nzima ilikwisha kuchapwa kwa Kiswahili mwaka 1891, hivyo ajuaye kusoma hakuhitaji mgeni wa kumfasiria.

Mambo ya Kilimanjaro yathibitisha neno hilo kwa upande wa pili. Huko waliofukuzwa walikuwa Wadachi wenyewe, wamisionari wa Leipzig, mwaka 1920. Walimu Wachagga ndio walioshika sharika. Basi dini iliyodhaniwa kuwa ya wageni ilidumu pasipo wageni, nayo tangu hapo ikawa na wenyewe.