Vidonda vya Tumbo: Si Mawazo, Si Pilipili

Leo tutazungumza juu ya vidonda vya tumbo, ambavyo wengi huviita alsa.

Hapa Kerio nilikutana na mama aliyeungua chini ya chembe cha moyo kwa miaka minane. Aliambiwa ni mawazo: mvua imekosa, mbuzi wamekufa, karo haijalipwa. Aliambiwa aache pilipili, anywe maziwa, avumilie. Je, nawe umewahi kuambiwa hivyo? Usimlaumu aliyekuambia. Kwa miaka mingi hata madaktari wakubwa duniani waliamini hivyo, na wagonjwa wengine walikatwa sehemu ya tumbo.

Ukweli ulianza kuonekana mwaka 1979 huko Perth, Australia. Daktari Robin Warren alikuwa akipima kwa darubini vipande vya ukuta wa tumbo, akaona viini vilivyojipinda. Wengi walimbishia, kwani iliaminika hakuna kiini kinachoweza kuishi katika asidi kali ya tumbo. Mwaka 1982 yeye na Daktari Barry Marshall walifaulu kuviotesha maabarani. Bado hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall, akiwa mzima, alivinywa viini hivyo! Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipopimwa, ukuta wa tumbo lake ulikuwa umevimba na viini vimo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kiini hicho kinaitwa Helikobakta pailori. Hutengeneza amonia inayopunguza ukali wa asidi iliyokizunguka. Kisha kwa mikia yake hujipenyeza ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, kikajishikiza hapo. Ukuta huvimba, kinga yake hupungua, na asidi huanza kuula. Hapo ndipo kidonda huanza. Kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta hata saratani ya tumbo, ingawa wengi walio nacho hawaugui.

Tena kiini hiki si kigeni kwetu. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha viini vya watu wa sehemu nyingi za dunia walionyesha kwamba vilitoka Afrika Mashariki pamoja na wahamaji wa kale, miaka 58,000 hivi iliyopita. Vimesafirije miaka yote hiyo? Kutoka mzazi hadi mtoto. Hupitia mate, matapishi, choo, mikono michafu na maji machafu. Wengi hukipata wakiwa wadogo, nyumbani.

Basi mama, njia hiyo unaweza kuifunga:

- Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kulisha mtoto. Kama sabuni hakuna, tumia majivu.
- Maji tunayochimba mchangani mto ukikauka, yachemshe au uyatie dawa.
- Usimtafunie mtoto chakula. Kiponde kwa kijiko.

Ukiungua mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe. Tiba ni dawa za antibiotiki, mbili au zaidi, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Zimalize zote, hata maumivu yakiisha mapema. Usimeze ovyo aspirini wala ibuprofeni, maana nazo huleta vidonda. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, fika hospitali siku hiyohiyo.

Yule mama alipimwa Lodwar, akakutwa na kiini, akamaliza dawa. Nilipomwona tena mvua ilikuwa haijanyesha, na mawazo alikuwa nayo bado. Lakini tumbo halikuungua tena, na alikuwa akila pamoja na watoto wake.

Mwambie na jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.