Mlango wa Daktari Pott
Usiku ule nduthi iliponiangusha karibu na Githurai, watu wazuri walinishika makwapa, wakanipandisha kwenye nduthi nyingine, mguu ukining'inia. Nilipiga nduru njia nzima. Wakati wa kutoka mfupa ulikuwa ndani. Tulipofika hospitali ulikuwa umetoboa ngozi.

Sikuelewa vizuri hadi niliposoma habari za Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, London. Januari 1756 alianguka kutoka kwa farasi, akavunjika mguu, mfupa nje. Akakataa kuguswa. Akiwa chini pale kwenye baridi, alituma watu wawaite wapagazi waliobeba matajiri kwa viti, waje na miti yao. Akanunua mlango. Ndiyo, mlango! Ulipigiliwa misumari kwenye ile miti, akalazwa juu yake, akabebwa polepole hadi nyumbani. Alijua ncha za mfupa uliovunjika zikitikiswa hukata nyama na mishipa.

Nyumbani wenzake walishakubaliana mguu ukatwe, vifaa viko tayari. Edward Nourse, aliyemfundisha kazi, akaingia dakika ya mwisho, akasema wajaribu kuuokoa. Ukapona. Baadaye Pott aliandika kuhusu kuvunjika kwa kifundo, na hadi leo jeraha hilo linaitwa kwa jina lake.

Haraka ya msumeno ilitokana na usaha. Mfupa ukishatoka nje, wengi walikufa. Mwaka wa 1865, kule Glasgow, Joseph Lister alifunga kwa asidi ya kaboliki mguu wa mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa na mkokoteni, na haukuoza. Bila hilo, nani angethubutu kupasua mguu kusudi atie chuma? Albin Lambotte wa Ubelgiji alithubutu. Mwaka wa 1958 madaktari wa Uswisi wakaunda kundi la AO: mfupa urudishwe mahali pake kabisa, ukazwe, kiungo kianze kusogezwa mapema. Kwa kifundo hiyo si mbwembwe. Mfupa ukikaa upande kidogo tu, gegedu inasagika.

Mimi nina pleti moja na skrubu sita. Nililala wodini siku tisa mchango ukikusanywa, na karo yangu ikaingia humo humo. Sikurudi chuo. Mathe akinisikia nikichechemea asubuhi, huuliza semista inaendeleaje.