Pikipiki inayokula oili: safari ya injini ya mipigo miwili hadi Soy

Leo nakuomba tuache kidogo habari za programu na hifadhidata, tuzungumzie pikipiki. Si Boxer za vijana wa bodaboda, hizo unazijua. Nazungumzia zile za zamani zenye moshi wa buluu na mlio wa kukereza, zinazotaka oili pamoja na petroli. Ninayo moja sasa, Yamaha AG100, na najifunza kuitunza hapa Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Niliinunua kwa mzee jirani ambaye miaka yake ya kazi alizunguka mashambani na mtungi wa mbegu za fahali. Alipostaafu aliifunika turubai nyuma ya ghala la mahindi, ikakaa hapo miaka.

Kila kijana mwenye spana amenipa ushauri ule ule: ng'oa hiyo injini, weka ya Kichina ya mipigo minne, maisha yaendelee. Ni ushauri wenye akili. Lakini kabla sijang'oa kitu hupenda kujua kiliwekwa na nani na kwa nini. Ni tabia ya kazi yangu. Anayefuta msimbo wa zamani bila kuusoma huamshwa na simu usiku. Basi nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kirefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza mashine yenyewe, maana bila kuielewa historia yake haitaeleweka. Katika Boxer, pistoni inashuka kuvuta hewa na petroli, inapanda kuvibana, inashushwa na mlipuko, kisha inapanda tena kusukuma moshi nje. Mlipuko mmoja kwa kila mizunguko miwili, na juu ya silinda kuna vali, kemshafti na cheni ndogo ya kuviendesha. Injini yangu haina hata kimoja cha hivyo, na inalipuka kila mzunguko. Ukutani mwa silinda kuna matundu, na pistoni ikipita ndiyo inayoyafunga na kuyafungua. Pistoni ikipanda, chini yake, ndani ya chumba cha krenki, hewa na petroli huvutwa kupitia vijibati vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Ikishuka, mchanganyiko ule hubanwa na kupitishwa matundu ya pembeni hadi juu, ukiufukuza moshi wa mlipuko uliotangulia.

Sasa fikiria: kama chumba cha krenki ndicho njia ya hewa, oili itakaa wapi? Boxer ina oili yake imetulia pale chini. Hapa haiwezi kutulia, ingenyonywa yote. Kwa hiyo oili husafiri na petroli, hulainisha beringi na ukuta wa silinda ikiwa njiani, halafu huungua. Ndiyo ule moshi wa buluu. Na ndiyo sababu injini hii hutegemea mwenyewe kuliko nyingine yoyote: ukisahau oili, hakuna akiba ya kukuokoa. Pistoni hupata joto, hutanuka, hushika.

Mskochi Dugald Clerk ndiye aliyepata hati ya injini ya kwanza ya namna hii iliyofanya kazi vizuri, mwaka wa 1881, lakini yake ilikuwa na silinda ya pili ya kusukumia hewa. Wazo la kutumia chumba cha krenki kama pampu ni la Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, karibu na 1891, na mfanyakazi wake Frederick Cock ndiye aliyeifanya pistoni iwe mlinzi wa matundu yote. Day hakutajirika. Tajiri, kwa muda, alikuwa Mdenmaki Jørgen Skafte Rasmussen, mwenye kiwanda cha DKW katika mji wa Zschopau, Ujerumani, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kikiunda pikipiki nyingi kuliko kingine chochote duniani. DKW pia walinunua haki ya ubunifu wa Adolf Schnürle, aliyeyaelekeza matundu ili mchanganyiko mpya upige kona ndani ya silinda badala ya kwenda moja kwa moja kwenye tundu la moshi.

Mwaka wa 1939 DKW wakatoa pikipiki ndogo, RT125. Hapa ndipo mwanaprogramu ndani yangu aliposimama wima. Vita vilipokwisha, Ujerumani iliyoshindwa haikuweza kulinda haki zake, na michoro ya RT125 ikawa kama msimbo ulioachwa wazi. Waingereza wakaigeuza BSA Bantam mwaka wa 1948. Harley-Davidson wa Marekani wakatoa yao. Warusi wakatoa yao mjini Moscow. Na Japani, mwaka wa 1955, kampuni iliyojulikana kwa piano na vinanda ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, ambayo Wajapani waliipa jina la kereng'ende mwekundu. Kampuni hiyo ni Yamaha. Mashine moja, matawi manne, na mashine iliyo chini ya turubai langu ni kijukuu wa mojawapo.

Wakati huo bado injini hii ilidharauliwa. Ilikuwa ya maskini, ya kwendea kiwandani. Kilichobadilisha mambo ni mashindano ya aina mbili, na moja yake hata si ya mbio. Kuna mchezo uitwao trayoli, ambapo mpandaji hupita juu ya mawe, mito na magogo bila kuweka mguu chini; kila akigusa ardhi anapewa alama ya adhabu, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Bingwa wake Uingereza alikuwa Sammy Miller wa Belfast, na pikipiki yake ilikuwa Ariel ya mipigo minne, sentimita za ujazo 500. Mwishoni mwa 1964 Miller aliiacha akaenda Barcelona kwa Paco Bultó, mwenye kampuni ya Bultaco, akamsaidia kuunda Sherpa T: nusu ya ukubwa wa injini, mipigo miwili, uzito chini ya kilo 100. Mwaka wa 1965 akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland, na enzi ya mashine nzito ikaisha. Mlipuko wa kila mzunguko una faida yake juu ya jiwe: injini ndogo inavuta hata ikienda polepole. Ukilifikiria hilo, mahitaji ya mcheza trayoli na ya mtu anayepita shamba la mahindi la Soy mwezi wa Mei hayapishani sana.

Mashindano ya pili yalikuwa ya mbio, na kisa chake kinafaa sinema. Zschopau ilibaki Ujerumani Mashariki, na kiwanda kikaitwa MZ. Mhandisi wake, Walter Kaaden, aliendeleza namna ya kulipa bomba la moshi tumbo lililotanuka kisha likabanwa, ili wimbi la mlipuko lirudi nyuma na kuirudisha ndani petroli inayotaka kutoroka. Septemba 1961, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kujengwa, mpandaji wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, mke na watoto wakiwa wamevushwa kisirisiri, akaenda Suzuki na siri zote kichwani. Mwaka wa 1962 Suzuki wakatwaa ubingwa wa dunia wa sentimita 50, Degner mwenyewe akiwa juu yake. Kaaden alibaki nyumbani na umaskini wa kiwanda chake. Binafsi naona aliibiwa.

Yamaha nao, mwaka wa 1964, walitoa kitu kidogo ambacho kwetu ni kikubwa kuliko ubingwa: Autolube, pampu inayochota oili kwenye tangi lake na kuipeleka kwenye injini kulingana na mwendo na namna ulivyovuta mafuta. Hakuna tena kusimama na chupa ukihesabu. Katika miaka ya 1970 pampu hiyo ikawekwa kwenye pikipiki ya wakulima wa Australia na New Zealand, yenye cheni iliyofunikwa isiingie tope na stendi pande zote mbili. Herufi AG ni za kilimo.

Zilikotoka huko zikasambaa Afrika, kwenye misheni, miradi ya maji, zahanati na ofisi za mifugo. Majina yenyewe ni ushahidi wa jinsi mashine hizi zilivyoingia kwa masikio kwanza: sisi tukasema pikipiki, wengine wakasema tukutuku. Hapa Kenya huduma ya taifa ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu ilianzishwa mwaka wa 1966, na watu kama mzee jirani yangu walipita barabarani kwa ratiba, wakulima wakingoja na ng'ombe kando ya njia. Miaka ya 1990 huduma ikaachiwa watu binafsi. Pikipiki zikabaki na waliozinunua minadani.

Nyingi zilikufa mapema, si kwa uzee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkimbiaji wa Marekani Randy Mamola na mwandishi Barry Coleman walizuru Somalia wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, zimeharibika kwa kukosa matengenezo madogo madogo. Kutokana na safari ile likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfundisha mhudumu kukagua pikipiki yake kila siku. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ya Degner.

Halafu zikaja za mipigo minne. India ilibana sheria za moshi, na mwaka wa 2000 viwanda vyake vikawa vimeshaanza kuihama mipigo miwili. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, na barabara zetu zikajaa. Tusidanganyane: Boxer ilistahili kushinda. Inakula petroli kidogo, haichafui hewa kama hii yangu, na inavumilia mwenyewe asiyejali. Yamaha wenyewe wameiweka AG125 ya mipigo minne mahali pa AG100. Kilichoondoka pamoja na moshi ni ujuzi. Fundi anayenifundisha amepita miaka sitini, na vijana wa gereji yake wanajua Boxer tu.

Mambo aliyonifundisha hayamo kwenye kitabu cha Yamaha. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, Soy chini yake kidogo, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa pwani itamwaga petroli nyingi mno hapa. Plagi itatoka nyeusi na mbichi. Kwa hiyo jeti yake imepunguzwa. Plagi ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Ikitoka nyeupe, simama hapo ulipo.

"Kijana wangu, umewahi kuteremka Tambach?" aliniuliza siku moja.

"Kwa matatu, Mzee."

"Basi usiteremke na hii hivi ilivyo."

Ukitoka Iten, mita 2,400, ukateremka hadi Bonde la Kerio, unapoteza zaidi ya mita 1,000 kwa muda mfupi. Hewa inazidi kuwa nzito, jeti ndogo ya mlimani haitoi petroli ya kutosha, na injini inapata joto. Juu ya hayo, ukiachia mafuta mteremko mzima huku gia ikiishikilia pikipiki, injini inazunguka kwa kasi bila petroli, na oili inayoifikia ni ya kubahatisha. Dawa yake ni kubonyeza klachi kila baada ya kona mbili tatu na kuvuta mafuta kidogo inywe. Alizika pistoni mbili za watu wengine kabla ya kulitambua hilo, anasema, na hakuna aliyemwambia.

Pampu ya Autolube ya kwangu hatuiamini bado, kwa hiyo nachanganya mwenyewe: mililita 200 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli, moja kwa ishirini na tano. Oili hiyo bado inapatikana kwa sababu ya misumeno ya injini na pampu za kunyunyizia dawa. Kila nikibadilisha kitu naandika kwenye faili: tarehe, jeti, rangi ya plagi, hali ya hewa. Fundi ananicheka, lakini wiki jana aliniuliza nilikuwa nimeandika nini Jumanne.

Injini sitaing'oa. Jumamosi tuliziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya tyubu, tukasukuma hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli, tukapaka povu la sabuni kila maungio. Povu lilichemka upande wa magineto, kwenye sili ya krenki. Hewa ya ziada inayoingia hapo hupunguza petroli na oili bila kukuarifu, na pengine ndiyo iliyomfanya mzee aamini imechoka. Sili mbili zimeagizwa Nairobi, bei yake ni ndogo kuliko tangi moja la petroli. Zikifika tutaipima tena kwa povu lile lile, na nitaweka picha.